Mwalimu wa Darasani Anaposoma Uzamili wa Insia

Mwalimu huingia darasani akiwa na jibu tayari. Mazoea hayo ndiyo humponza akirudi chuoni kusoma uzamili (shahada ya pili) wa insia, yaani masomo kama fasihi, historia au falsafa. Kazi zake za kwanza huwa safi na zimepangwa vizuri, lakini hupata alama ndogo kwa sababu ni muhtasari. Msimamizi anatafuta hoja: unadai nini, na mtu makini angekupinga wapi?

Kabla ya kuomba nafasi, tofautisha uzamili wa elimu na uzamili wa fani yenyewe. Ule wa kwanza unahusu mitaala, upimaji na uongozi wa shule. Wa pili unakurudisha kwenye matini. Uliza pia kama uzamili huo una tasnifu, yaani andiko refu la utafiti, maana ukitaka uzamivu (shahada ya tatu) baadaye huenda ukatakiwa uwe umeiandika.

Wengi hukwama kwenye mada. "Nafasi ya mwanamke katika ushairi" haina mwisho. Chukua utenzi mmoja, tuseme Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, wosia wa mama kwa binti yake, na swali moja: mama anamwonya binti yake kwa sauti ya amri, au ya dua? Hapo kuna kitu cha kushika. Orodhesha beti zenye vitenzi vya kuamuru, kisha zile anazomwelekea Mungu, uone sauti inageukia wapi. Halafu soma polepole. Ukikuta neno "upulike", usiandike tu "usikilize" ukaendelea. Tenzi hizi ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo kwa kawaida hazikutenganisha o na u, wala e na i. Irabu unayoiona kitabuni ni uamuzi wa mhariri, kwa hiyo linganisha matoleo mawili kabla ya kujenga hoja juu ya neno moja. Ubeti mmoja unaweza kukumalizia jioni nzima, na jioni hiyo haijapotea. Kwa kweli huu ndio utamu wa insia.

Kuhusu muda, usiweke kila kitu likizoni. Ukiiacha tasnifu wiki tatu, unarudi umesahau ulikuwa unafikiri nini. Dakika 40 za kusoma siku tano kwa wiki, na asubuhi moja ya kuandika, zinatosha kuishikilia kamba. Wiki za kusahihisha mitihani, panga kusoma tu. Usijiahidi sura mpya.

Kila nukuu iandike na alama zake za kunukuu na nambari ya ukurasa, papo hapo. Miezi sita baadaye hutatambua sentensi ipi ni yako, na wizi wa maandishi mara nyingi huanzia kwenye daftari la namna hiyo.

Na kama unataka kutumia insha za wanafunzi wako, pata kwanza kibali cha kamati ya maadili ya chuo, cha mkuu wa shule na cha wazazi. Insha ulizokusanya kabla ya kibali zinaweza kukataliwa zote, hata ziwe nzuri namna gani.