Sekunde Ambazo Sikuandika

Mwenyekiti wa kamati ya mitihani alinitazama mimi, si yeye. "Kijana, mwambie tumelisoma ombi lake."

Nikaandika: Tumelisoma ombi lako. Lile "kijana, mwambie" nikaliacha. Niliona namsitiri mzee wa watu.

Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, na kazi ile niliipata kwa sababu moja tu: naandika haraka. Yeye alikuwa mwaka wa tatu wa sheria, kiziwi asiyeona. Jina hilo alilishikilia kama jina la hali moja. Alikataa kabisa hesabu za watu za "ulemavu wa aina mbili". Kiziwi huegemea macho, asiyeona huegemea masikio. Yeye hakuwa na pa kuegemea ila mguso. Kibodi ilikuwa mapajani mwangu, na mbele yake kifaa cha nukta nundu, yaani breli, kisichozidi upana wa kiganja. Kila nilichoandika kiliinua vipini vidogo chini ya ncha za vidole vyake; akimaliza mstari anabonyeza, vile vinazama, vingine vinachomoza. Kujibu alijibu kwa mdomo wake, maana usikivu ulimtoka akiwa ameshajua kuzungumza.

Ombi lenyewe halikuwa kubwa. Muhula uliopita aliletewa karatasi ya mtihani ambayo aliyeinakili aliruka jedwali zima, kwa hiyo akajibu swali ambalo hakuna mwenzake aliyeulizwa. Sasa alitaka karatasi zihakikiwe kabla, ziwe katika nukta nundu zile zile anazosomea mwaka mzima, na aongezewe muda.

Mazungumzo yakaenda vizuri kama robo saa hivi. Kisha mjumbe mmoja akamwinamia jirani yake, akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini vya kutosha: "Tuhangaike hivi, halafu akishahitimu ataajiriwa na nani?" Wawili wakacheka.

Vidole vyangu vikaganda. Nilimwonea huruma, na huruma ile wakati ule niliiona ni wema.

Akainua kichwa. "Vipini havijapanda muda mrefu," akasema mbele ya wote. "Ama chumba kizima kimenyamaza, ama wewe umenyamaza. Ipi?"

Nikaandika: Mimi.

"Basi andika."

Nikaandika yote. Swali, kicheko, nani alicheka. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaumbuka, nikaongeza: Na tangu tuanze mwenyekiti anaongea na mimi. Anasema "mwambie".

Alisoma taratibu, akarudisha mstari, akasoma tena. Mimi nilikuwa natazama sakafu. Nilitarajia alie, au aondoke, sijui kwa nini nilitarajia hivyo. Alivuta kiti karibu na meza.

"Nimeulizwa nitaajiriwa na nani," akaanza. "Haben Girma alihitimu sheria Harvard mwaka 2013, kiziwi asiyeona wa kwanza kuhitimu pale, na ni mtetezi wa haki za watu wenye ulemavu. Julai 2015 alikutana na Rais Obama Ikulu ya Marekani. Rais aliandika mwenyewe kwenye kibodi. Hakumwambia mtu 'mwambie'."

Mwenyekiti akakohoa. Nikaandika: Mwenyekiti anakohoa.

Akatabasamu kidogo, akaendelea. Aliwaeleza habari za Helen Keller, Mmarekani kiziwi asiyeona, lakini si ile ya utotoni kwenye bomba la maji, alipoelewa kuwa vitu vina majina, ambayo kila mtu anaijua. Aliwapeleka Juni 1899, kwenye mtihani wa kuingia Radcliffe, chuo cha wanawake huko Marekani. Mwalimu wake, Anne Sullivan, hakuruhusiwa kumsomea maswali kwa kumwandikia herufi kiganjani. Karatasi zilinakiliwa kwa nukta nundu za Kimarekani, wakati aljebra alikuwa ameisoma kwa alama za nukta nundu za Uingereza. Aligundua hilo zikiwa zimebaki siku mbili. Ikabidi ajifunze alama mpya mbiombio, na chumbani bado zikamchanganya.

"Alifaulu, na mwaka 1904 akahitimu kwa heshima," akasema. "Watu humsifu kwa hilo. Mimi nauliza aliyeandaa ile karatasi alikuwa anapima nini. Msinipe mtihani wa 1899."

Kisha, bila kupandisha sauti, akawatajia Ibara ya 24 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, hasa kipengele cha 5, kinachogusa elimu ya juu na marekebisho ambayo mwanafunzi anastahili kufanyiwa. Kipengele alikitaja kwa nambari. Mjumbe aliyecheka alianza kuandika kitu kwenye daftari lake, au alijifanya.

Suala la karatasi lilipita siku ile ile. La muda walimpa nusu ya alichoomba, na alirudi mara mbili zaidi hadi akapata wote.

Tulipotoka aliushika mkono wangu juu kidogo ya kiwiko. Nikasubiri kufukuzwa kazi.

"Mdogo wangu," akasema, "wakinitukana, andika. Wakipiga miayo, andika. Nitakayempuuza nitamchagua mwenyewe."

Kwenye ngazi hakuna kibodi, kwa hiyo nilimchorea herufi kiganjani kwa kidole, moja moja: S-A-W-A. Nilikosea ile W. Akanishika kidole, akanirudisha nianze upya.