Siku moja maishani mwangu: mimi afisa ustawi, Binti wa miaka 15 na veranda ya mahakama

Watu wengi wakisikia ustawi wa jamii wanajua ni wale wa kupatanisha wanandoa na kuandika barua za msamaha wa matibabu kwa wazee. Hizo kazi tunafanya kweli. Ila kuna Jumanne moja mwezi wa 7 nataka niisimulie yote maana naona hii sehemu ya kazi yetu haijulikani kabisa. Nipo halmashauri moja hapa mkoani Dodoma, wilaya siitaji, kijiji sikitaji, binti, aliyebakwa na ambaye ninampeleka mahakamani kutoa ushahidi, nitamwita Binti tu na vitu vidogo vidogo nimevibadilisha, bado ni mtoto na ana maisha yake mbele.

Saa 10 na nusu usiku naamka. Nanawa, navaa sweta mbili, mwenye kuujua upepo wa Dodoma wa mwezi wa 7 atanielewa. Gari la ofisi lilikuwa na safari nyingine kwahiyo bodaboda, hela yangu mwenyewe, vumbi mpaka kijijini.

Mnajiuliza kwanini nimfuate mtoto nyumbani wakati ana mama yake na ana wito wa mahakama mkononi. Ni hivi. Tarehe ya kwanza baba yake mdogo alisema amesahau. Tarehe ya pili walikuja, lakini kijiji kile asubuhi inatoka Noah moja tu kwenda mjini, na ndugu wa mshtakiwa nao walikuwa wanakwenda mahakamani, sasa fikiria mtoto wa miaka 15 amebanwa siti ya nyuma katikati ya shangazi na dada wa mtu aliyemfanyia ukatili, saa nzima na zaidi, hakuna aliyemtukana, walimpa tu salamu na pipi. Alipofika mahakamani alikuwa hawezi hata kutaja jina lake. Tangu siku ile namfuata mwenyewe.

Saa 12 na kitu nafika. Mbukwenyi, nawasalimia, bibi yake ananipa uji wa uwele, nakunywa nimesimama. Binti ameshavaa, gauni la bluu na mtandio begani. Ananiambia, anti, nimeota nimesahau kila kitu. Namwambia mwanangu hakuna mtihani pale, unasema kilichotokea, usichokumbuka unasema sikumbuki. Zaidi ya hapo siruhusiwi. Siwezi kumkaririsha maneno, nikifanya hivyo nimeiua kesi kwa mkono wangu.

Baba mdogo amekaa kwenye kigoda nje, haniangalii. Huyu simchukii kwakweli. Mshtakiwa ana duka pale kijijini, mwaka ambao mvua zilikata yeye ndo aliyekopesha watu unga, daftari lake la madeni lina majina ya nusu ya kaya za pale na la huyu baba lipo. Wiki ya kwanza wanawake walikuja kumlilia Binti. Wiki ya pili wakaanza kuuliza saa zile alikuwa anatafuta nini dukani. Wiki ya tatu wakaja wazee watatu na habari ya ng'ombe wanne za kumfuta mzazi machozi. Mzazi, sio mtoto! Mama alipokataa ng'ombe likaja la pili, basi amuoe, ameshapevuka yule.

Na hapo ndo naona tofauti kubwa. Akifanyiwa mtoto wa miaka 6 kijiji kizima kinataka kumuua mhusika kwa mikono, inabidi tumwokoe ndo tumpeleke polisi. Akiwa na miaka 15 ameshaota matiti maswali yanageuka yanamwendea yeye. Amevaaje, alikuwa na simu ya nani, mbona alikaa siku mbili ndo akasema. Wakati sheria haijui habari ya kupevuka, inajua miaka 18 basi, tangu ile Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, chini ya miaka 18 hata kama mtu angesema alikubali huko kukubali hakuhesabiki, na kifungo hakipungui miaka 30. Habari ya ndoa nayo niliwajibu wale wazee palepale, kwamba Mahakama Kuu 2016 na Mahakama ya Rufani 2019 kwenye kesi aliyofungua mwanaharakati Rebeca Gyumi zilishasema vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na 15, au 14 kwa ruhusa ya mahakama, vinakwenda kinyume na Katiba. Mzee mmoja akanijibu kwa upole kabisa, mwanangu, Katiba haili mlenda na sisi hapa. Sikuwa na jibu zuri.

Saa 1 tunaondoka mishikaki, dereva mbele, Binti katikati, mimi nyuma, mfuko wangu umebeba faili, maji, kitenge cha ziada na kadi ya kliniki.

Hiyo kadi ngoja niieleze. Binti hana cheti cha kuzaliwa. Kesi ya namna hii umri lazima uthibitishwe mahakamani, kuna rufaa zimeshinda kwa sababu tu hakuna aliyesimama kusema kwa uhakika mtoto alizaliwa lini. Mama anaweza kusema, kadi inasaidia, rejista ya shule inasaidia. Nilikaa na mama siku nzima tunatoa vitu kwenye sanduku la bati, tumeikuta chini kabisa imefungwa kwenye kipande cha kanga na pembeni imeliwa na panya lakini tarehe inasomeka. Nilifurahi yaani kama nimeokota dhahabu. Hakuna mtu ataandika popote kwamba ile kadi ilitafutwa na nani.

Saa 2 na nusu tupo mahakamani.

Veranda. Naomba niongelee hii veranda maana siku yangu nzima imeishia hapo.

Sheria inataka ushahidi wa makosa haya usikilizwe faragha, watu wanatolewa, mlango unafungwa, sawa na ni kitu kizuri. Ila faragha inaanzia ndani ya chumba. Veranda haina mlango. Benchi ni moja refu la saruji, tunakaa sisi mwisho wa huku, ndugu wa mshtakiwa mwisho wa kule, katikati wamekaa watu wa kesi za mifugo kula mashamba na jamaa wa kesi ya pikipiki, na wote wanajua nani ni nani. Saa 3 ikaingia karandinga ya magereza. Mshtakiwa akashuka na wenzake, hakufanya chochote, aligeuza shingo tu akamwangalia. Nikamgeuza Binti akae upande wa ukuta nikamfunika kitenge mabegani. Mkono wake ulikuwa baridi kama umetoka kwenye maji.

Saa 3 na robo akatokea wakili wa serikali. Kijana, mpole, amebeba mafaili mpaka kidevuni. Yule wa mwanzo amehamishwa, huyu kakabidhiwa faili jana jioni. Akatuita pembeni, pembeni yenyewe ni hatua kama sita kutoka kwenye benchi, akafungua faili akasoma huku amesimama, halafu akamuuliza mtoto mbele yetu na sauti yake ya kawaida, sasa wewe mbona hukupiga kelele?

Binti akaangalia chini. Jamaa wa pikipiki akageuza kichwa.

Jamani. Hiyo stori Binti ameshaisema kwa mama yake, kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa mtendaji, kwa afande wa dawati la jinsia, kwa daktari aliyejaza PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, kwangu, kwa wakili wa serikali wa kwanza. Huyu ni mtu wa nane. Na swali lenyewe kwa mtoto wa miaka 15 halina hata kazi kisheria, apige kelele asipige kosa ni lilelile. Nikamwambia, mheshimiwa, samahani, mtoto ana miaka 15, suala la kupiga kelele linatusaidia nini? Akasema mama, wakili wa utetezi atamuuliza, mimi namwandaa. Nikamwambia basi mwandae ofisini mlango umefungwa, sio hapa. Akanyamaza. Akaniambia leo tu nina kesi 9 na ofisi tunakaa watatu chumba kimoja.

Namwamini. Naijua hiyo hali, hata mimi kwenye meza yangu kuna watoto sijawafikia. Lakini kuna kitu wanachosahau hawa wanasheria wetu na wanakijua kuliko mimi. Mahakama ya Rufani ilishasema tangu 2006 kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji unatoka kwa mhanga mwenyewe, na Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa maneno ya mhanga peke yake ikiridhika kwamba anasema ukweli. Ni sheria nzuri sana, inamwamini mtoto. Maana yake lakini kesi nzima imesimama kwenye mdomo wa mtu mmoja mwenye miaka 15. Kijiji hakijasoma Sheria ya Ushahidi ila kinajua vizuri kabisa pa kubonyeza. Hawahongi daktari, hawaibi faili, wanamchosha mtoto tu. Pipi kwenye Noah. Ng'ombe wanne. Bibi anaambiwa mjukuu wako atakosa mume. Na kila mahakama inapoahirisha inawaongezea siku za kubonyeza.

Saa 4. Saa 5. Binti kalala begani kwangu, sijui alilala kweli au alifumba macho tu. Mama yake akafika na ile Noah, uso umekunjamana, hakusema walimwambia nini njiani na sikumuuliza. Nikanunua chapati na chai ya rangi nje pale, Binti kakata kipande kimoja akakishika mkononi mpaka kikawa kigumu. Shangazi wa mshtakiwa akapita kwenda chooni akasema mama fulani hamjambo, mama akaitikia hatujambo, maana ni majirani, wanachota maji kisima kimoja, jioni wanarudi kulekule. Mimi narudi mjini, wao wanarudi kulekule!

Saa 6 na nusu tukaitwa. Tukasimama, Binti akajinyoosha gauni, nikamwona ametengeneza uso kabisa kama mtu anayeingia kuongea. Tukaingia. Dakika nne. Wakili wa utetezi yupo Mahakama Kuu, ameleta barua, kesi inaahirishwa wiki tatu. Hii ni mara ya tatu.

Akatoka ananiuliza, anti, kwahiyo sisemi leo?

Sikulia pale. Nilikwenda nyuma ya jengo kwenye mti wa mwarobaini nikasimama kidogo nikarudi.

Baada ya hapo saa sizikumbuki vizuri. Nilimsubiri wakili wa serikali amalize, nikamng'ang'ania mlangoni, nikamwambia sikuombei upendeleo, nakuomba nusu saa, siku mbili kabla ya tarehe, ofisini, hao wenzako wawili watoke, umuone mtoto akiwa amekaa kwenye kiti, umweleze nani anakaa wapi mle ndani na nani atamuuliza nini, basi. Aliniangalia muda. Akatoa simu akaandika tarehe. Akasema mama, na hiyo kadi ya kliniki niletee nakala, kwenye faili haimo. Haimo! Niliipeleka nakala mwenyewe kwa yule wa kwanza. Nikaenda stationary ya jirani nikatoa nakala mbili, moja nikamkabidhi mkononi.

Mchana ule ule kuna nyumba nyingine nilipita kata ya jirani, binti wa miaka 17 mwenye mtoto wa miezi 7, huyu familia walimalizana nyumbani kabla sisi hatujajua, mwanaume kaondoka na hakuna anayesema alipo. Nilikuwa namfuatilia arudi shule, ule waraka wa Novemba 2021 unaruhusu. Mama mkwe mtarajiwa hayupo, ng'ombe walishauzwa, mtoto anakohoa. Tulijaza fomu. Kesho yake nilitakiwa nirudi na mwalimu mkuu.

Ofisini nilifika jioni mlinzi anafunga. Kuna ripoti ya robo mwaka inataka idadi ya mashauri yaliyoripotiwa na yaliyohitimishwa. Binti anahesabiwa kwenye safu ya kwanza. Sina safu ya kuandika kwamba leo alijinyoosha gauni akaingia.

Nyumbani watoto wangu wameshakula, dada amenifunikia ugali, nimekula nusu. Saa 3 usiku simu ikaita, baba mdogo. Anaongea taratibu, anasema dada ustawi, huoni mambo yamekuwa marefu, tukae chini tuongee kama binadamu, mtoto naye anakonda. Nikamwambia kaka, mtoto anakonda ni kweli, na mimi na wewe tunajua kinachomkondesha. Nikamwambia deni lako la unga ni kati yako na duka, usilipie kwa mtoto. Akakata. Nikakaa na simu mkononi naogopa nimeharibu, maana usiku ule Binti amelala nyumba moja na yeye. Nikampigia mama yake, akasema wote wamelala, amewasha koroboi anasubiri asinzie.

Nilikuwa nimeshazima taa ndo meseji ikaingia, namba ya mama lakini uandishi wa Binti. Anti kesho tuna jaribio la baiolojia, nikichelewa mwalimu ananitoa nje, unaweza kumpigia umwambie leo nilikuwa wapi lakini usimwambie nilikuwa wapi?

Nikamjibu nitampigia asubuhi, nitasema ulikuwa na mimi. Lala mwanangu.