Mwanangu akae chini kama yuko msibani?

Jamani walimu wenzangu wa awali, leo naongelea kukaa. Yaani watoto wanakaaje darasani, manake tunahangaika na rangi za kuta na chati za herufi alafu mtoto mwenyewe tumempandisha kwenye dawati la darasa la tano, miguu inaning'inia, meza inamfika kifuani, na bado tunamwambia tulia! Atatulia vipi? Miguu isipogusa chini ukingo wa benchi unambana nyuma ya mapaja, lazima ajisogeze, ajikunje, apande na goti, alafu wewe unaandika kwenye ripoti eti hana utulivu.

Darasani kwetu madawati tumeyatoa karibu yote. Sasa kuna mikeka ya ukindu, kuna vigoda, kuna mito ya sufi (gunia zima la sufi alituletea mama mmoja wa Pongwe, Mungu ambariki), kuna meza fupi za kupigia magoti na moja ndefu ya kusimama. Wakati wa kazi za kona (kila pembe ya darasa ina shughuli yake) mtoto anachagua mwenyewe akae wapi, na akichoka anahama na kazi yake. Hiyo meza ya kusimama niliiweka ilimradi tu, nikijua hakuna atakayeitaka, kumbe ndo inagombewa. Kuna kijana wangu mmoja, mtundu kwelikweli, akikaa kwenye benchi hamalizi hata mstari, ila pale anasimama anapanga vizibo vya soda kumi kumi huku anajitingisha na nyimbo juu, na anamaliza, na hesabu yake iko sawa.

Basi wiki ya kwanza tu baba mmoja akanisimamisha getini, "Mwalimu, mie nalipa ada mwanangu akae chini kama yuko msibani?" Nilicheka lakini simlaumu hata kidogo. Wote tunakumbuka 2016, enzi za Rais Magufuli, nchi nzima ilivyochangishana madawati, mtoto kukaa chini ilikuwa aibu ya mkoa mzima, na ilikuwa haki iwe aibu, kwasababu wale watoto walikaa kwenye sakafu tupu yenye vumbi kutwa nzima, daftari juu ya goti, sio kwa kupenda bali hakuna kitu. Kukaa chini kwa kukosa na kukaa chini kwa kuchagua ni vitu viwili tofauti kabisa. Wa kwetu anakaa kwenye mkeka safi kwa muda anaoutaka, na kigoda kipo pembeni kinamsubiri. Nikamwambia, baba, si huyuhuyu jioni anaenda chuoni anakaa kwenye jamvi na juzuu yake na hujawahi kumlalamikia ustadhi? Akaguna akaondoka, hatujamaliza.

Na msidhani ni mambo ya Instagram haya. Maria Montessori, yule daktari wa Kiitaliano aliyeanzisha ufundishaji unaobeba jina lake, alipofungua nyumba yake ya watoto pale Roma 1907, mtaa wa maskini wa San Lorenzo, alitengenezesha meza na viti vidogo vyepesi ambavyo mtoto anabeba mwenyewe, na wengine wakifanyia kazi chini kwenye vimkeka. Mtaala wetu wa awali nao unazungumzia kona za kujifunzia, sasa nambie kona utaiweka wapi chumba kikiwa kimejaa madawati, tena muongozo unasema watoto 25 kwa mwalimu mmoja na wote tunajua hali halisi ikoje.

Ila kuchagua sio vurugu ati. Ukimsumbua mwenzio nakuhamisha mimi, mto wa sufi haurushwi (hii kila siku tunakumbushana), na tukiandika herufi wote tunarudi mezani, nyayo zimegusa chini. Mtoto akilala kifudifudi na penseli shingo inachoka haraka, kwahiyo huko chini ni kwa vitabu vya picha, fumbo na kujenga.

Kwa fundi nenda na vipimo. Kigoda cha mtoto wa miaka minne kiwe sentimita 26 hivi kwenda juu, wakubwa wao 30, ukimwachia akili yake atakuletea vya jikoni, mtoto akikaa magoti yanamfika kidevuni.

Mtihani ni masika. Sakafu inatoa unyevu, ukindu unashika ukungu, ukiuanika tu mvua inarudi. Nimejaribu kutandika turubai chini na mkeka juu, inasaidia kiasi lakini inateleza balaa. Mwalimu wa Pangani au Muheza mwenye njia nzuri zaidi aniambie kabla Machi haijafika.