Neno "strategic" na kalamu yangu nyekundu

Leo nimeshinda na rasimu ya mpango wa miaka mitano niliyopewa niihariri, iliyoandikwa kwa Kiingereza na watu ninaowaheshimu, na hadi jua linazama nilikuwa nimelizungushia kalamu nyekundu neno "strategic", yaani "kimkakati", mara 19. Mkutano wa kila mwezi ulipewa sifa hiyo, ushirikiano ukapewa, hata ununuzi wa kompyuta mpya haukuachwa nyuma. Nilipojaribu kulifuta mahali pote, sentensi 15 hazikupoteza chochote. Zile nne zilizobaki zilipungukiwa na maana, na ndizo zilizonifanya niandike haya.

Asili ya neno hili inanisaidia sana. Linatokana na neno la Kigiriki la jemadari, lililoundwa kwa kuunganisha jeshi na kuongoza. Athene ya karne ya 5 kabla ya Kristo ilichagua majemadari kumi kila mwaka. Carl von Clausewitz, afisa wa jeshi la Prussia, ufalme wa zamani wa Kijerumani, ambaye kitabu chake kikuu kuhusu vita kilitoka mwaka 1832, mwaka mmoja baada ya kifo chake, aliweka mpaka ambao sijaona ulio wazi kuliko huo: mbinu ni namna ya kuyatumia majeshi ndani ya pigano, na mkakati ni namna ya kuyatumia mapigano yenyewe ili lengo la vita lifikiwe. Kwa hiyo kitu hakiwi cha kimkakati kwa sababu ni kikubwa au cha gharama, bali kwa sababu kinalitumikia lengo la jumla ambalo hatua nyingine zote zinapimwa nalo.

Lugha ya silaha bado imeuhifadhi mpaka huo. Katika mkataba wa START, wa kupunguza silaha za nyuklia, uliotiwa saini mwaka 1991 kati ya Marekani na Umoja wa Kisovyeti, makombora ya kutoka bara hadi bara yalihesabiwa kuwa yale yenye uwezo wa kuruka zaidi ya kilomita 5,500, na hayo ni miongoni mwa silaha zinazoitwa za kimkakati, kwa kuwa yanaufikia moyo wa nchi ya adui. Silaha ya nyuklia iliyokusudiwa kutumika katika uwanja wa mapambano huitwa ya kimbinu, ingawa nayo ni ya kutisha. Tofauti iko katika kazi, wala si katika ukubwa wa kishindo.

Kosa linaloniumiza zaidi, kwa kuwa nami nimelifanya kwa miaka, ni kudhani kwamba neno hili maana yake ni "cha muda mrefu". Mkataba wa kukodi ofisi kwa miaka kumi ni wa muda mrefu, lakini huenda hauna mkakati wowote ndani yake, ilhali uamuzi unaochukuliwa asubuhi moja wa kuacha huduma fulani unaweza kugeuza mwelekeo wa taasisi nzima. Muda huambatana na mkakati mara nyingi, ila hauwezi kusimama badala yake. Kinachotakiwa ni uchaguzi: tumeshika njia hii, na kwa sababu hiyo ile nyingine tumeiacha. Kiswahili chetu nacho kimeanza kuambukizwa, maana "kimkakati" sasa hubandikwa popote mtu anapotaka kusema "muhimu", na hali "muhimu" lipo na halijachakaa.

Kwenye ukurasa wa tatu nilikuta sentensi isiyo na neno hilo kabisa: kwa miaka mitano hakutafunguliwa ofisi mpya, na fedha zote za upanuzi zitaelekezwa kwenye mafunzo ya wafanyakazi waliopo. Niliisoma mara tatu. Nikaliongeza "strategic" mbele ya neno la uamuzi, kwa mkono, nikaandika pembeni kwamba hapa linastahili. Kisha nikarudi kwa yule mshirika aliyeitwa wa kimkakati kwenye ukurasa wa kwanza, na badala ya kumfuta nikawauliza waandishi ushirikiano huo unatufikisha kwenye lengo lipi, na ni nani tumemkataa ili tumchague yeye. Rasimu nimeirudisha saa mbili usiku, na jibu lao bado nalisubiri.