Fimbo ya karpu niliyoipata Memorial

Wiki mbili zilizopita nilikua Memorial, soko la mitumba hapa Moshi, natafuta koti la mvua, nikapita meza moja ya vitu mchanganyiko, raketi za tenisi, miavuli, magongo ya kutembelea, na katikati yake imelala fimbo ya kuvulia, nyeusi, vipande viwili, juu ya mpini imeandikwa 12ft 2.75lb. Moyo ulilipuka. Mimi nimevua bwawa la Nyumba ya Mungu kwa mshipi wa mkono miaka minne, na hiyo fimbo niliijua ni ya nini, ni ya karpu, yule samaki anayevuliwa sana Uingereza na Ufaransa. Muuzaji akasema sitini elfu, nikamwambia kaka nina ishirini, tukamalizana thelathini na tano.

Toka siku hiyo jamaa zangu wa Pasua na Majengo wananiuliza nao waanze na nini, ndo maana naandika.

Kwanza hayo maandishi. 12ft ni urefu, kama mita 3 na sentimita 66. Hiyo ya pili wengi wanadhani ni uzito wa samaki, hapana, ni uzito unaotakiwa kuikunja fimbo mpaka ncha yake ifanye pembe mraba na mpini, paundi 2.75 ni kama kilo moja na robo. Na ukishajua hiyo umeshajua na chubwi lako (kile kizito cha kuzamisha ndoano), wazoefu wanahesabu aunsi moja ya chubwi kwa kila paundi, kwahiyo yangu inarusha vizuri gramu 70 hadi 80 hivi, ukiweka zito sana ukarusha kwa nguvu zako zote unaivunja. Sisi karpu hatuna bwawani ila kambale naye anatafuta chakula chini kwenye tope kwa ndevu zake na akishika anakimbia kwa nguvu, ndo maana fimbo ya karpu inamfaa kabisa.

Lakini pesa yako ya kwanza isiende kwenye fimbo jamani. Iende kwenye mshipi na ndoano. Mwaka jana nilinunua nailoni kwenye duka moja hapa mjini, roli lilikua limening'inia dirishani sijui tangu lini, rangi imepauka na mimi sikujali. Nikampata kambale mrefu kama mkono wangu wote, nimemleta mpaka kwenye matete namuona kichwa, pap, uzi umekatika na amekwenda na ndoano mdomoni. Hicho kitu kiliniuma siku nyingi. Nyumbani nikavuta ule uliobaki kwa mikono mitupu ukawa unakatika kama uzi wa cherehani, jua limeshaula. Siku hizi naomba roli la ndani ya boksi, navuta mita mbili, nafunga fundo, nalilowesha mate kabla sijalikaza (likikazwa kavu linajiunguza) halafu nalizungushia kitambaa mkononi na kulivuta kwelikweli mbele ya muuzaji. Milimita 0.35 inatosha, ila nusu mita ya mwisho kabla ya ndoano weka nene zaidi maana mdomo wa kambale ndani uko kama msasa, unasugua.

Ndoano pitisha ncha juu ya ukucha wa dole gumba, ikiteleza ni butu, iache, ikinasa chukua. Na perege ana mdomo mdogo, ndoano ya kambale atakulia minyoo yote usimpate hata mmoja.

Fimbo ya mtumba yenyewe nilikaa nayo kama nusu saa pale mezani. Nilichukua kipande cha pamba nikakipitisha kwenye kila pete, pete ya tatu kutoka juu ikanasa nyuzi mbili za pamba, maana yake ina ufa na huo ufa utakata mshipi, ndo nikapata nguvu ya kushusha bei. Pete nimeshabadilisha. Halafu unga vipande, tikisa, ikigonga kwenye kiungo achana nayo.

Rili nayo, yaani kile cha kukunjia uzi kwenye fimbo, zungusha taratibu karibu na sikio, kama inakwaruza ndani kuna mchanga. Tafuta ile yenye kiswichi cha nyuma kinachoachia uzi, samaki akikimbia uzi unatoka wenyewe, bila hicho atakuvutia fimbo yote majini. Wenzetu wa karpu wanaweka na king'ora cha betri, mimi nafunga kengele ya mbuzi kwenye ncha na nasikia vizuri tu.

Fimbo hizi ni za kaboni na kaboni inapitisha umeme, usirushe chini ya nyaya, na pale bwawani nyaya zipo. Mamba pia wapo, kaa mbali na ukingo. Leseni ulizia ofisi ya uvuvi kabla hujaenda.

Mimi bado wavu wa kumtolea samaki, kambale ana miiba kwenye mapezi ya kifuani. Fundi wa Majengo ananikunjia nondo ya milimita 6 iwe duara, nyavu nitasuka mwenyewe, Jumamosi naondoka na kosta ya kwanza.