Futi kamba na maji ya bamvu

Mwaka 2014, nikiwa na miaka miwili tu tangu niapishwe uwakili, bosi wangu aliniwekea mezani faili la kiwanja cha Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam. "Benki inataka maoni yetu Ijumaa," akasema. "Kila kitu kimo humo."

Na kweli kilikuwamo. Hati ya miaka 99, risiti za kodi ya ardhi zisizo na pengo, ramani ya upimaji yenye muhuri, barua ya kukubaliwa kubadili matumizi kutoka makazi kwenda makazi na biashara. Cheti cha mazingira ndicho kilikuwa bado NEMC, baraza la taifa la mazingira, na kibali cha ujenzi kilikisubiri hicho. Mteja alitaka kujenga apatimenti 32 zinazotazama bahari, auze moja moja, kila mnunuzi apate hati yake chini ya ile sheria ya mwaka 2008 ya kumiliki sehemu ya jengo. Msanifu alikuwa amechora mstari wa vitone kati ya jengo na ufukwe, akaandika juu yake: mita 64.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli ya kudumu ndani ya mita 60 za ufukwe wa bahari. Sitini na nne ni zaidi ya sitini. Hesabu ya darasa la pili. Usiku ule nikaandika maoni, nikamalizia kwa sentensi tunayoipenda mawakili kwa sababu ni fupi na inalipwa vizuri: hakuna kikwazo cha kisheria.

Kilichonipeleka kiwanjani Jumatano kilikuwa woga, tusiite weledi. Pale ofisini palikuwa na hadithi ya wakili mmoja wa zamani aliyekisafisha kwa kalamu kiwanja ambacho nusu yake ilikuwa makaburi. Sijui kama ni kweli, lakini ilininyima usingizi.

Tulifika saa nne na nusu asubuhi, mimi, mteja, na mpima na kijana wake. Viatu vya mahakamani nilivibeba mkononi. Kijana akashika mwanzo wa futi kamba kwenye kigingi kilichoonyesha ukuta wa mbele wa jengo, mpima akashuka nayo kuelekea majini. Ikafika mita 50, ikaisha. Wakaanza upya kutoka hapo. Tukafika 96 na bado miguu ilikuwa mikavu. Mteja akacheka, akanipiga bega. "Umeona, Wakili? Msanifu mwenyewe alinibania."

Chini ya mvinje alikaa mzee akishona nyavu, sindano ya mbao ikiingia na kutoka bila yeye kuitazama. Nilimwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mnapima nini?"

"Tunapima hadi baharini."

Akainua macho, akawatazama wale wenzangu kule mbali kwenye mchanga unaong'aa. "Mbona mnampimia mtu nyumba yake naye hayupo? Leo mwezi kumi na sita. Bamvu, maji hupwa sana na hujaa sana. Rudini saa kumi na nusu, mtamkuta."

Mteja hakutaka kurudi. Alikuwa na kikao mjini, akaondoka na gari. Mimi nilibaki na mpima, ambaye nadhani alikuwa ameshaelewa tangu asubuhi ila hakuulizwa. Tulikula samaki wa kukaanga pale sokoni, tukarudi.

Saa kumi na nusu bahari ilikuwa imekuja yote. Mahali nilipokuwa nimesimama asubuhi palikuwa na mashua inaelea. Tulipima tena kutoka kigingi kilekile: mita 34. Kisha mzee akatuonyesha kitu ambacho nilikuwa nimekiruka kwa miguu yangu bila kukiona. Ulikuwa mstari wa mwani mkavu, kandambili ya mguu mmoja, vifuu, vizibo vya chupa, na ulipita mita sita ndani zaidi, upande wa nchi kavu, kutoka pale maji yalipokuwa. "Huku hufika siku za upepo," akasema. Mvinje aliokuwa ameuegemea ulikuwa na mizizi wazi upande wa bahari, imening'inia kama mikia.

Akaniuliza kama naijua Africana. Nikamwambia naijua, kituo cha daladala. Akacheka sana. Ilikuwa hoteli, mwanangu, akasema, na bahari iliila. Kila siku nilikuwa nasikia makondakta wakiita jina lile na sikuwahi kujiuliza limetoka wapi.

Usiku nilikisoma tena kifungu cha 57. Kinataja mita 60, lakini sikuona humo panaposema mita hizo zianze kuhesabiwa maji yakiwa wapi. Wakili mwingine angeuona huo kuwa mlango. Mimi, baada ya ile kandambili, niliona shimo. Nikafuta sentensi yangu fupi, nikaandika kurasa mbili: vipimo viwili vya siku moja na saa zake, picha ya mstari wa mwani, na ushauri kwamba jengo lirudishwe nyuma hadi mita 60 kutoka mstari huo. Maana yake safu nzima ya mbele ingeondoka, na bwawa la kuogelea pamoja nayo.

Mteja alikuja Ijumaa asubuhi. Hakuketi.

"Wakili, anayekulipa ni mimi au bahari?"

Nikamwambia alama ya X nyekundu ya kubomolewa ikishapigwa ukutani haiulizi nani alipima asubuhi na nani jioni, na kwamba siku hiyo atakuwa ameshauza, kwa hiyo watu 32 watakuja na hati zao kumtafuta yeye, kisha benki, kisha mimi. Bosi alikuwa mlangoni, anasikiliza, hakusema neno. Mteja akasaini kitabu cha kupokelea, akachukua faili lake, akaondoka. Ada ya awamu ya pili hatukuiona. Bosi naye hakunisemesha hadi Jumatatu, na nilishaanza kuhesabu akiba yangu.

Wiki tatu baadaye simu iliita. Alikuwa msanifu, yule wa mita 64.

"Samahani, Wakili," akasema. "Yule mzee wa nyavu, hukaa pale siku gani?"