Soksi za manjano

Leo ilikuwa zamu yangu kupanga nepi kwenye ukumbi wa parokia, hapa Columbus, Ohio.

Novemba 2023 wapiga kura wa jimbo hili walipoingiza haki ya kutoa mimba kwenye katiba yao, nililia. Nilikuwa nimefanya kampeni ya kuipinga, na si kwa utani.

Sasa leo kaingia binti, miaka kama 20, mimba ya miezi 7, peke yake.

Hakuuliza habari za sheria. Aliuliza kama tuna kitanda cha mtoto.

Hatukuwa nacho.

Nikampa nepi na soksi za manjano. Akazivisha vidole vyake viwili, akavitembeza taratibu juu ya meza.

Bado naviona vile vidole.

Jamani, nani ana kitanda asichokitumia? Na nyie mama zangu, mimba ya kwanza mlihitaji nini zaidi?